Bia ya shayiri au mvinyo wa matunda: kipi kinafaa jiko la Malindi?

Maelekezo mengi ya kupika bia nyumbani yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanakuambia uweke ndoo pahali penye nyuzi 18 mpaka 20, kisha wanaendelea na mengine kana kwamba hawajasema neno gumu. Malindi pahali hapo hapapo, ila ndani ya friji. Mwezi wa Machi, kaskazi ikimalizikia, mchana hufika nyuzi 31 au 32, na chumba cha bati hakipoi hata usiku wa manane. Julai nayo, kusi ikivuma, alfajiri bado ni nyuzi 22 hivi. Basi mtu wa hapa anayetaka kujitengenezea kinywaji kwa kujifurahisha, akijiuliza aanze na bia au na mvinyo wa matunda, asianze kwa kuuliza ulimi wake unapenda nini. Aanze na joto la nyumba yake.

Nitaviweka viwili hivi ubavu kwa ubavu, na nasema mapema kwamba mizani yangu imeinama: kwa mtu anayeanza Malindi, naelekea upande wa matunda, hasa nanasi. Wapo ambao bia itawafaa zaidi, nao nitawafikia.

Hamira na joto

Hamira inakula sukari, inatoa pombe na hewa ya kaboni. Joto likizidi, hamira ya bia ya kawaida hufanya kazi kwa pupa na kuacha humo vitu ambavyo hukuviagiza: harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, harufu ya rangi ya kucha, na pombe nzito zinazochoma koo. Bia ina ladha nyepesi, haina pa kuficha kasoro hizo. Na ile bia ya lager, ambayo ndiyo wengi wetu tunaiita bia tu, inataka nyuzi 10 mpaka 13 wakati wa kuchacha, kisha wiki kadhaa za baridi kali. Bila friji ya ziada yenye kidhibiti joto, isahau.

Njia ya kutokea ipo, nayo imetoka Norwe, nchi ambayo huwezi kuidhania kwa mambo ya joto. Wakulima wa huko walirithishana hamira inayoitwa kveik, na hiyo haiogopi kabisa. Ile inayouzwa ikiwa kavu kwa jina la LalBrew Voss hupendelea nyuzi 35 mpaka 40, na huacha harufu kidogo ya chungwa. Kwetu Machi ndio msimu wake. Ya pili ni hamira ya bia za mashambani za Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, zinazoitwa saison. Belle Saison, kwa mfano, huvumilia mpaka nyuzi 35. Hii inakula mpaka sukari ambazo hamira nyingine huziacha, basi ukiiwahi kuitia chupani kabla haijamaliza, chupa zitapasuka.

Upande wa mvinyo mambo ni mapole. Hamira ya mvinyo inayotumika sana, EC-1118, inafanya kazi kuanzia nyuzi 10 mpaka 30 na kuvumilia pombe mpaka asilimia 18. Nyingine, 71B, nayo hufika nyuzi 30 na hupendwa kwa mvinyo wa matunda. Mvinyo pia hukaa miezi kabla ya kunywewa, na sehemu ya ukali wa mwanzo hupungua kwa kukaa. Nyuzi 28 zinazoharibu bia ya kawaida, nanasi linazisamehe.

Kupunguza nyuzi mbili tatu kunawezekana bila umeme. Weka ndoo ndani ya karai la maji, ivishe kanga kuukuu iliyolowa, iache sakafuni kwenye chumba chenye ukuta wa mawe ya matumbawe, mbali na jua la magharibi. Upepo wa kusi ukipita hapo, kanga inapoza vizuri. Siku za unyevu mwingi, hewa ikiwa imesimama, usiitegemee.

Siku ya kazi yenyewe

Kupika bia ni kazi ya kutwa. Kwa lita 20 unahitaji kilo tano hivi za kimea cha shayiri, kilichovunjwa bila kufanywa unga. Unakiloweka katika maji yenye nyuzi 65 mpaka 68 kwa saa nzima ili vimeng'enya vya kimea vigeuze wanga kuwa sukari. Maji yakifika nyuzi 75 na zaidi unaviua, yakishuka sana kazi haiendi. Kisha unachuja, unachemsha maji hayo matamu saa nyingine pamoja na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake), unapoza, ndipo unatia hamira. (Raha moja ya kupikia pwani: maji yetu yanachemka kwa nyuzi 100 kamili, wakati Nairobi, kwa ule mwinuko wake, yanachemka kwenye 94 hivi, na uchungu wa hopsi hutoka vyema zaidi maji yakiwa moto zaidi.)

Tatizo liko kwenye neno "unapoza". Maelekezo ya Ulaya yanakutaka upitishe maji ya bomba kwenye koili ya shaba. Maji ya bomba la Malindi, yakiwa yamekaa kwenye tangi juu ya paa, ni vuguvugu yenyewe. Hayawezi kuishusha sufuria chini ya nyuzi 30. Wenye hamira ya kveik hawana shida, 35 inawatosha. Wengine wana njia mbili. Ya kwanza ni barafu ya wauza samaki: tia sufuria kwenye karai, zungushia barafu na maji, koroga. Barafu hiyo isiingie ndani ya bia hata tone, maana hujui imelazwa wapi. Ya pili ni ya Waaustralia: mimina bia ikiwa ingali moto kwenye mtungi wa plastiki ngumu inayostahimili moto, ufunge kabisa, uulaze upande ili moto uguse kila kona, uache mpaka kesho. Moto wenyewe unausafisha mtungi, na kesho yake unatia hamira.

Jiko nalo lina la kusema. Jiko la gesi la kawaida haliwezi kuchemsha lita 25 kwa nguvu inayotakiwa. Itabidi utoke nje na jiko kubwa, au upunguze: lita 5 za bia, kilo moja na robo ya kimea, gramu 10 mpaka 15 za hopsi, sufuria ya pilau. Anayeanza na lita 5 haombolezi sana zikiharibika.

Mvinyo wa nanasi ni kazi ya jioni moja. Menya, kata, ponda kwa mkono. Kilo mbili za nyama ya nanasi, sukari gramu 700, maji ya kutimiza lita 5. Hesabu yake ni hii: kila gramu 17 za sukari katika lita moja huleta takriban asilimia moja ya pombe. Ukitaka asilimia 11 katika lita 5 unahitaji gramu 935 kwa jumla. Nanasi lenyewe litaleta kama 250, nyingine unaongeza wewe. Chemsha maji na sukari, yaache yapoe, mwagia juu ya tunda, ongeza kikombe cha chai ya rangi iliyokolea ili mvinyo upate ukakasi kidogo, tia hamira, funika kwa kitambaa kisafi. Koroga asubuhi na jioni. Baada ya siku tano au saba kamua kwa kifumbu kilichochemshwa (kile cha tui, ila kisirudi tena kwenye tui) na uhamishie kwenye chupa kubwa yenye kizibo cha kupitishia hewa. Mpira mwembamba unaotoka kwenye kizibo na kuzama kwenye gilasi ya maji unatosha: hewa inatoka, nzi haingii.

Hapa usafi ni jambo moja kwa wote wawili. Dawa ya klorini ya kuondoa madoa inaua vijidudu vizuri, lakini isiposuuzwa vyema kwa maji yaliyochemshwa, bia inapata harufu ya plasta ya hospitali ambayo haitoki tena. Kwenye nanasi pia inaonekana, ila si upesi hivyo.

Tunda gani, na lini

Kwa nini nanasi na si embe, hali Malindi ina maembe ya kumwaga? Embe ni tunda gumu kwa mgeni wa kazi hii. Likiiva sana lina sukari nyingi na uchachu mchache, na mvinyo usio na uchachu unakuwa mzito mdomoni, tena unaharibika upesi. Lina pektini pia, ile inayogandisha jemu, nayo huacha ukungu usiotulia kwa miezi. Bila kimeng'enya cha kuvunja pektini, utakunywa kinywaji chenye rangi ya maji ya mto Sabaki wakati wa mafuriko. Ladha haiharibiki kwa ukungu, lakini mgeni akiona gilasi atasita.

Uchachu unaongezwa kwa ndimu, au kwa kitu kinachonipendeza zaidi: ukwaju. Asidi kubwa iliyomo ndani ya ukwaju ndiyo asidi kubwa ya zabibu, kwa hiyo embe lililotiwa ukwaju kiasi linasogea karibu na mvinyo wa kweli kuliko lililotiwa ndimu. Anza na kidogo, onja, ongeza. Kati ya aina za maembe, apple lina harufu nzuri, ngowe lina nyuzinyuzi chache na nyama nyingi. Nikilazimika kuchagua moja, naenda na ngowe, kwa sababu ya kuchuja.

Tatizo la pili la embe ni kalenda. Msimu wake mkubwa unaangukia Novemba mpaka Machi, ndani ya kaskazi, wakati ndoo inachemshwa na joto. Msimu mzuri wa kuchachua ni Juni mpaka Agosti, na hapo maembe si mengi tena. Dawa yake ni friza: menya maembe ya Januari yakiwa ya bei ya chini, gandisha nyama kwenye mifuko, itoe Julai. Kugandisha kunapasua seli za tunda, basi likiyeyuka linatoa maji yake bila ugomvi. Hata mwenye friji ndogo anaweza kuhifadhi kilo mbili.

Nanasi linapatikana karibu mwaka mzima, mengi kutoka upande wa Magarini, lina uchachu wake wa kutosha, na linatulia mapema. Chagua lililoiva kwa kunusa kitako chake, si kwa rangi. Mwambie tu mwenye genge, "Mama, nataka la kuliwa leo hii," naye atakutolea la nyuma, lile ambalo mteja wa kesho hatalichukua.

Mabibo yana hadithi yao. Kilifi imejaa mikorosho, na watu huchukua korosho na kuliacha bibo liozee chini ya mti. Lina majimaji mengi na sukari ya kutosha, lakini lina ukakasi mkali unaokausha ulimi, na halikai: likianguka asubuhi, jioni limeanza kuchacha lenyewe. Ni tunda la mtu wa mara ya tatu au ya nne, mwenye shamba karibu.

Na bia? Kimea cha shayiri na hopsi hakuna anayevilima hapa. Shayiri ya Kenya ni ya nyanda za juu, Narok na Timau na kwingineko kwenye baridi, na hopsi ni mmea unaotaka siku ndefu za kiangazi cha mbali na ikweta. Kila kitu kitaagizwa. Hesabu uzito: kilo tano za kimea kusafirishwa mpaka Malindi ni mzigo, lakini pakiti ya gramu 5 ya hamira ya mvinyo inaingia kwenye bahasha na inatosha mpaka lita 20. Hili, kwa mfuko wa mtu wa kawaida, ni tofauti kubwa kuliko ladha. Waweza kutumia kimea cha wimbi kinachouzwa na watu wa bara, kile cha busaa. Utapata kinywaji halali kwa jina lake, kizito, cha kunywewa kingali kinachacha, lakini usikiite bia ukategemea kiwe na povu na mng'aro.

Hamira ya mkate ya dukani itachachua chochote kati ya hivi. Huacha ladha ya mkate mbichi, na mashapo yake hayalali chini vizuri. Kwa jaribio la kwanza la nanasi naikubali. Kwa bia, hapana.

Maji, chupa, majirani

Bia ni maji zaidi ya asilimia 90, na hapo mtu wa Malindi aangalie sana. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hiyo haipotei kwa kuchemsha, inazidi kukolea. Maji ya bomba yanayotoka Baricho, kwenye mto Sabaki, ni afadhali, ila yanatiwa klorini. Yaache wazi usiku kucha au yachemshe kwanza. Kwenye mvinyo tunda na sukari vina sauti kubwa zaidi, lakini usitumie ya kisima kilichokolea chumvi hata huko.

Chupa: hapa mvinyo unashinda bila jasho. Malindi ina mahoteli na mikahawa ya Waitaliano, na chupa tupu za mvinyo si za kutafuta kwa tochi. Zile za kifuniko cha kuzungusha ndizo bora, hazitaki mashine ya kizibo. Bia inataka chupa inayostahimili mgandamizo, maana unatia gramu 6 hivi za sukari kwa kila lita wakati wa kufunga ili ipate gesi. Chupa nyembamba ya kioo ikizidiwa inapasuka na vipande vinaruka. Anayeanza na atumie chupa za plastiki za soda: ukiibonyeza ikawa ngumu kama jiwe, gesi imetosha, ipeleke kwenye friji. Na kwa vyote viwili, usifunge kitu kwa kukisia. Haidromita ni kifaa cha bei ndogo kinachoelea na kuonyesha kinywaji ni kizito kiasi gani kuliko maji (maji ni 1.000), yaani sukari iliyobaki: bia iliyoanza 1.050 ikaisha 1.012 ina pombe asilimia 5 hivi, na mvinyo uliokauka husoma 1.000 au chini kidogo. Kipimo kisipobadilika kwa siku tatu nne, hapo funga.

Harufu nayo ni kipimo, ingawa maelekezo hayaitaji. Hopsi ikichemka saa nzima, mtaa mzima unajua. Anayekaa Shella au Barani, ukuta kwa ukuta na familia za Kiislamu, na alifikirie hilo kabla ya Ijumaa asubuhi. Ni haki ya jirani kutoingiziwa pombe puani. Ndoo ya nanasi inanukia nanasi, na mlango ukifungwa imekwisha.

Sheria haipendelei upande wowote. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza na kwa anayeuza kileo, na leseni za kuuza ziko mikononi mwa kaunti. Kabla ya kununua ndoo, pita kwenye ofisi ya kaunti inayoshughulikia vileo uulize ndoo ya jikoni inasimama wapi. Usiuze, usimpe aliye chini ya miaka 18. Na usikeneke, yaani usichemshe pombe ukakusanya mvuke wake: mtungi wa kukeneka ni chang'aa, na huko hadithi ni nyingine. Vifo vya Mei 2014 vya Embu na kaunti nyingine vilitokana na methanoli iliyoingia kwenye pombe za kuuzwa. Ndoo ya nanasi iliyochachuliwa kwa hamira haikusanyi sumu hiyo kwa kiwango hicho.

Mgema je?

Mtu ataniuliza kwa nini ajisumbue wakati mnazi unagemwa nyuma ya nyumba. Swali la haki. Utomvu wa mnazi hauhitaji hamira wala haidromita. Unaanza kuchacha ungali kwenye kibuyu juu ya mti, na jioni una nguvu za bia. Wagiriama wanaweka uchi wao (ndivyo wanavyoliita tembo la mnazi) mbele ya wazee kwenye mahari na matambiko, jambo ambalo mvinyo wangu wa nanasi hautafikia. Lakini hauwekeki: kesho ni mkali, keshokutwa unaelekea siki. Nawe huna la kufanya ndani yake ila kununua na kumwamini muuzaji, na wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anayetafuta kinywaji, mangweni kwa wauza tembo kupo. Anayetafuta kazi ya mikono ya Jumamosi, arudi kwenye ndoo.

Nani achukue kipi

Kama una friji ya pili isiyo na kazi, au umeshapata pakiti ya kveik, na unapenda kupika kwa vipimo, kupima joto kila dakika kumi, kujaribu tena kesho kwa kubadilisha kitu kimoja, chukua bia. Inalipa haraka: wiki tatu au nne unaonja, na kwa kveik mapema zaidi. Mwaka mmoja wa bia unakufundisha mengi kuliko mwaka mmoja wa mvinyo, kwa sababu unarudia mara nyingi zaidi.

Kama huna friji ya ziada, una jiko moja la gesi na watoto wanaotaka chakula cha mchana, chukua nanasi. Anza mwishoni mwa Mei, ndoo ikute baridi ya kusi. Julai hamisha mvinyo kutoka kwenye mashapo, Septemba tia chupani, Desemba fungua. Ukishindwa kungoja mpaka Desemba, tengeneza ndoo mbili, ya pili wiki mbili baada ya ya kwanza, na ile ya kwanza ianze kunywewa Oktoba ikiwa bado changa.

Na mvinyo ukiingiwa na hewa, au nzi wakaupata kabla yako, utageuka siki. Bia ikiharibika unaimwaga. Siki ya nanasi unaichuja, unaitia kwenye chupa, na maembe mabichi ya Novemba yanapata achari yao.